Mwenye mkanda wa ndondo pale Ilembula, usiutupe

KUNA ubishi mmoja wa vijiweni ambao hauishi, na hauishi kwa sababu hauna ushahidi. Ni ubishi wa wachezaji wa zamani.

Kaa kwenye kijiwe chochote kuanzia Makambako hadi Njombe mjini, waagizie wazee chai, kisha mtaje winga yeyote anayetamba siku hizi. Utaambiwa huyo si lolote. Utaambiwa hapa hapa palikuwa na kijana akicheza peku, mguu wa kushoto tupu, krosi zake zinamkuta mfungaji kichwani kama zimetumwa kwa posta. Vijana watacheka. Mmoja atachomoa simu mfukoni na kusema, "Sawa mzee, tuonyeshe."

Hapo mzee anakwama. Simu ya kijana ina kila bao la Mbwana Samatta, ina Lamine Yamal, ina hadi mabao ya ligi ya Saudi Arabia. Ya yule winga wa peku haina hata sekunde moja.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba wakati mwingine ushahidi upo. Upo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, au juu ya kabati, kwenye kaseti nyeusi ya plastiki yenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: "Harusi ya dada, na mpira." Tatizo ni kwamba mashine ya kuusoma ushahidi huo inatoweka, na mkanda wenyewe unaoza taratibu. Tukizubaa, ubishi ule utabaki ubishi milele.

Kwa wanangu mliozaliwa miaka ya 2000, ngoja kwanza niwaeleze hiyo mashine.

Tuliita deki. Ilikuwa boksi zito la kukaa chini ya televisheni, lina mdomo mbele. Unasukuma kaseti kidogo tu, deki inaidaka na kuivuta yenyewe, inaguna, inanyamaza kama mtu anayetafakari, halafu picha inatokea. Ilikuwa na saa yake usoni, na umeme ukikatika hata dakika moja, saa hiyo inapoteza hesabu na kubaki ikiwaka na kuzima. Katika nyumba nyingi iliwaka na kuzima hivyo miaka yote, kwa kuwa hakuna aliyejua kuirekebisha.

Ilikuwa na namba za kaunta. Hizo mashabiki walizijua kuliko namba za simu za ndugu zao. Bao la kwanza liko 0412, la pili 1130, kadi nyekundu iko mwishoni mwishoni. Ulichotakiwa kukumbuka ni kuzirudisha kwenye sifuri kabla ya kuanza, vinginevyo unatafuta bao na kuangukia kwenye mapumziko.

Halafu kulikuwa na trakingi. Picha ikikataa kutulia, ikijaa mistari na chenga, mtu anainuka na kuzungusha kidude taratibu, chumba kizima kikimwelekeza: "Rudisha! Hapo hapo! Umepitiliza!" Ilikuwa kazi ya heshima, haikupewa mtoto. Na kuna mikanda ilikuwa na chenga nyingi kuliko alizopiga mchezaji mwenyewe.

Hedi ikichafuka, fundi anafungua mfuniko, anasafisha kwa spiriti, wote mmenyamaza kama mko chumba cha upasuaji. Na ikitokea siku mbaya, deki inakula mkanda. Unafungua mdomo na kukuta utumbo umetoka nje, mweusi, unang'aa, umejikunja. Hapo ndipo unajua nani ana mkono mwepesi kati yenu.

Kero hizo zote mbona tunazikumbuka kwa mapenzi? Wengine watasema ni uzee. Mimi nasema ni kwa sababu ya kile deki ilichotupa sisi watu wa bara, hasa tuliokuwa mbali na Dar es Salaam.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Huku Tanzania Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo ITV na wenzake wakaanza kurusha matangazo, tena wakianzia Dar. Kwa hiyo Diego Maradona alipowapiga chenga Waingereza pale Mexico mwaka 1986, bara hatukuwa na kituo cha kutuonyesha. Roger Milla alipompokonya mpira kipa Rene Higuita wa Colombia mwaka 1990 akiwa na miaka 38, hali ilikuwa ile ile. Tulikuwa na Redio Tanzania, tulikuwa na sauti za akina Ahmed Jongo na Charles Hilary, na picha tulizichora wenyewe kichwani.

Kama ulitaka kumwona Maradona kwa macho, ulisubiri mkanda. Mkanda ulisafiri ndani ya begi la mtu aliyetoka safari, ukapita mkono kwa mkono, ukanakiliwa, nakala ikanakiliwa tena, hadi unafika kwenye banda la video jezi ya Argentina haijulikani kama ni ya bluu au ya kijivu. Na bado watu walilipa, wakabanana kwenye mabenchi, wakashangilia bao ambalo matokeo yake waliyajua miezi mingi nyuma.

Sasa sikilizeni siri ya banda la video. Mpira wa redio ulipita ukaenda zake. Mpira wa uwanjani ulipita ukaenda zake. Lakini ndani ya banda, mtu mmoja akisema "rudisha", bao linarudi. Kwa mara ya kwanza shabiki wa kawaida, asiye na kituo cha televisheni wala uhusiano na mtu yeyote mkubwa, aliweza kuliamuru bao lirudi. Mlisimamisha picha mkaangalia kama mfungaji kaotea. Hiyo VAR mnayobishania leo, sisi tulikuwa nayo kwenye banda la mabati, na refa alikuwa mwenye rimoti.

Kwa nini picha iliweza kusimama? Ndani ya deki kuna pipa dogo la chuma linalozunguka mara 25 kwa sekunde, lina vichwa vya kusoma mkanda. Ukibonyeza kusimamisha, mkanda unasimama lakini pipa linaendelea kuzunguka, likisoma mahali pale pale tena na tena. Ndiyo maana deki nyingi zilijizima zenyewe ukikawiza: zilikuwa zinauokoa mkanda usisagike.

Matokeo yake ni kitu cha ajabu kidogo. Mkanda uliopendwa ulichakaa pale penye bao. Dakika 20 za pasi za pembeni ni safi kabisa, ukikaribia kwenye bao chenga zinaanza, ukifika kwenye bao lenyewe hakionekani kitu. Mkanda wa Milla na Higuita unaweza kuwa mzima wote isipokuwa Milla na Higuita.

Hata ushindi wa mashine yenyewe una harufu ya mpira. Sony walitoa Betamax mwaka 1975, JVC wakafuata na VHS mwaka 1976. Betamax walisifiwa kwa picha nzuri. Lakini mkanda wao wa mwanzo ulibeba saa moja tu, wa VHS ukabeba mbili. Wewe shabiki, fanya hesabu mwenyewe: mechi ya dakika 90 inaingiaje kwenye mkanda wa saa moja? Baadaye Betamax waliongeza muda na sababu nyingine zikaingia, za bei na za biashara, lakini VHS ndiyo iliyoenea. Tuliozoea kaseti ya E-180 tulijua ni saa tatu: mechi, mapumziko, dakika za nyongeza, na penalti zikibidi. Mwenye deki ya kisasa aliweka kasi ndogo, saa tatu zikawa sita, picha ikafifia lakini mechi tatu zikaingia.

Hapo ndipo tunafika kwenye lile lililoniketisha kuandika. Mkanda ulikuwa ghali, kwa hiyo ulifutwa.

Kila nyumba yenye deki ilikuwa na mahakama yake. Kuna mechi mpya inataka kurekodiwa, mkanda mtupu hakuna. Kifutwe nini? Baba anasema ifutwe sinema ya Kihindi. Mama anasema ifutwe ile fainali, kwani mshindi si anajulikana? Na dada yupo kimya pale pembeni akiomba Mungu isiguswe harusi yake. Mara nyingi aliyeshindwa kwenye kesi hiyo ni mpira wa mtaani, yaani ndondo. Maradona alionekana ana thamani kwa sababu anatoka mbali. Kijana wa peku tutamwona tena Jumapili ijayo.

Msidhani ni umaskini wetu tu. Januari 1967 Wamarekani walicheza fainali ya kwanza ya ule mpira wao wa miguu wa kubeba mikononi, ile inayoitwa Super Bowl. Vituo viwili vikubwa vya televisheni viliirusha siku ile ile. Hakuna hata kimoja kilichobaki na rekodi kamili, kwani mikanda ilikuwa ya bei mbaya na ilitumika tena. Rekodi iliyokuja kupatikana miaka mingi baadaye, nayo ikiwa na mapengo, ilitoka kwenye dari la nyumba Pennsylvania. Kuna mtu aliirekodi akiwa kazini kwake, akaiweka nyumbani. Taifa tajiri kuliko yote lilikuja kuokolewa na mtu mmoja asiyetupa vitu.

Sasa turudi kwetu. Simba iliifunga Yanga mabao 6-0 Julai 19, 1977, na Abdallah Kibadeni akapiga matatu. Mwaka 1979 Simba hiyo hiyo ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa Dar, ikaenda Lusaka na kushinda 5-0. Mwaka 1980 Taifa Stars ilicheza fainali za Afrika kule Lagos, Juma Mkambi akafunga dhidi ya wenyeji Nigeria, Thuwein Ali akawafunga Misri na Ivory Coast. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walipanda daraja na kubeba ubingwa wa bara msimu ule ule.

Mnazi wa Simba mwenye miaka 30, umewahi kuyaona mabao matatu ya Kibadeni? Si kusimuliwa, kuyaona. Mtu wa Mbeya, umewahi kuona hata bao moja la Tukuyu Stars ya ubingwa?

Linganisheni na hili. Njombe Mji walipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18, wakacheza msimu mmoja, wakashuka. Sisemi kwa kuwadharau, Uwanja wa Sabasaba ulikuwa na raha yake msimu ule. Lakini Njombe Mji walicheza wakati ligi ina kamera za Azam TV. Kwa hiyo timu iliyoshuka daraja ina picha, na timu iliyobeba ubingwa ina masimulizi. Bao la Samatta dhidi ya Kenya kwenye fainali za Afrika 2019 unalipata ukiwa umelala. Mabao ya Thuwein muulize babu.

Kama timu ya Taifa na timu bingwa ziko hivyo, ndondo ya Ilembula ina nani?

Ilembula naitaja kwa makusudi. Ipo Wanging'ombe, upande wa kwenda Mbeya ukishaipita Makambako. Wengi wanaijua kwa hospitali yake ya Walutheri. Ni mahali pa wauguzi, wanafunzi, wakulima na wafanyabiashara, watu kutoka pande nyingi, na palipo na mchanganyiko wa namna hiyo timu za mpira hazikosekani. Sehemu kama hiyo haijawahi kutumiwa gari la matangazo na kituo chochote. Kamera iliyofika ni ya mpiga video wa harusi.

Wale jamaa ndio mashujaa wangu wa leo. Enzi za kamera za kubeba begani, mtu aliitwa Jumamosi kurekodi ndoa, na Jumapili kama kuna fainali ya mbuzi au ya ng'ombe anaombwa, "Kaka, mkanda si umebaki? Hebu tupigie na mpira." Anasimama kwenye tuta, anarekodi. Hajui mpira unakwenda wapi, bao likifungwa kamera inatazama mashabiki. Lakini amerekodi. Ndiyo maana nikasema tafuteni karatasi iliyoandikwa harusi. Mpira wetu umejificha nyuma ya keki na ndafu.

Na si Ilembula peke yake. Kila penye kituo cha gari kuanzia Mafinga, Makambako, Igwachanya, hadi kwenda Songea kwa watani zetu wa Majimaji, palikuwa na mtu wa kamera na palikuwa na mpira. Huwezi kuniambia mikanda yote imeteketea.

Najua kuna atakayesema, "Mzee, dunia imesonga, kila kitu kipo YouTube." Hapana. YouTube kipo kile ambacho mtu amekiweka. Maradona yupo kwa sababu kuna watu waliokaa na mikanda yake na kazi hiyo wakaifanya. Mchezaji wa Ilembula asipowekwa na mtu wa Ilembula, hatawekwa na mtu wa Tokyo.

Mwingine atasema mikanda ile itawaaibisha wazee, tutagundua winga wa peku hakuwa na lolote. Vizuri! Mimi nataka hata hilo. Tukimwona anapoteza mipira 12 kwa kipindi, tutawashika wazee mashati kwa upole. Lakini je, tukikuta walikuwa wanasema kweli? Tukikuta kweli kulikuwa na kijana Wanging'ombe mwenye mguu wa Ligi Kuu, akaishia kulima viazi kwa sababu hakuna aliyemwona? Hiyo ni habari ambayo chama cha soka cha mkoa kinapaswa kuiona na kujifunza, maana hadi leo kuna vijana wanapita mlango ule ule.

Na kuna familia. Wengi wa waliocheza ndondo miaka ya 1980 na 1990 wamekwisha kutangulia. Wapo watoto, sasa ni watu wazima, ambao baba yao wanamjua kwa picha moja ya kitambulisho, amekaza uso. Hawajawahi kumwona akikimbia. Kwa mtu wa namna hiyo, sekunde 30 za chenga na vumbi, baba anaomba mpira pembeni ya uwanja, anakasirika hakupewa, zina thamani kuliko fainali yoyote ya Ulaya.

Sasa muda. Kiwanda cha mwisho kujulikana kutengeneza deki za VHS, Funai wa Japani, kilisimamisha kazi Julai 2016. Tangu hapo kila deki inayokufa haina mrithi. Mwaka 2019 UNESCO na jumuiya ya kimataifa ya watunza kumbukumbu za sauti na picha walitoa tahadhari kwa dunia: kufikia karibu 2025 kusoma mikanda ya sumaku kwa mashine zake kungekuwa kumekaribia kukoma, kwa kukosa mashine, vipuri na watu wanaoijua kazi. Hiyo 2025 tumeshaifikia. Tuko dakika za majeruhi.

Mkanda nao ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Gundi inazeeka, unga unabanduka, na ukibanduka umeondoka na mchezaji wako. Unyevu unaleta ukungu, na kwa mvua na baridi ya Njombe mjini hilo hatuhitaji kufundishwa. Vumbi linakwaruza, na kwa vumbi la Ilembula wakati wa kiangazi hilo nalo tunalijua.

Kwa hiyo nini kifanyike? Nina mapendekezo, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka nje.

Kwanza, wewe mwenye mkanda. Usiutumbukize kwenye deki iliyokaa stoo miaka kumi ili kujaribu tu. Deki chafu au mbovu itaula, na hiyo ndiyo itakuwa mara yake ya mwisho. Mpe fundi aisafishe hedi, kisha jaribu na mkanda wa sinema usiokuuma. Ukiona unga mweupe wa ukungu kwenye mkanda wako, usiucheze kabisa, mtafute anayejua kuusafisha. Uhifadhi umesimama kama kitabu, pakavu, mbali na spika za redio kwa kuwa zina sumaku. Na uandike sasa hivi kilichomo, maana wewe unayejua hutaishi milele.

Pili, kuhamisha. Kinachohitajika ni deki inayofanya kazi, kompyuta, na kifaa kidogo cha kuunganisha hivyo viwili. Hakuna njia ya mkato: mkanda wa saa tatu unahamishwa kwa saa tatu. Kwa hiyo tusianze na Kombe la Dunia. Hilo FIFA wanalo. Tuanze na mikanda ambayo ikipotea hakuna nakala nyingine duniani: ndondo, mechi za shule, bonanza, mechi za kirafiki timu kubwa zilipopita mkoani. Ukishahamisha, weka sehemu mbili tofauti. Simu siyo ghala. Simu inaibwa, inaingia maji, na ile kuweka kwenye status ya saa 24 siyo kutunza, ni kuaga.

Tatu, vyama na viongozi. Chama cha soka cha mkoa wa Njombe, maofisa michezo wa Wanging'ombe, Makambako na Njombe, hamshindwi kutenga chumba kimoja na deki mbili. TFF, mnapotoa leseni za klabu mnadai uwanja, mnadai timu za vijana. Daini na kumbukumbu. Simba na Yanga, mnauza jezi za kumbukumbu kila msimu. Wekeni tangazo mnunue au mwazime mikanda ya wanachama wenu wa mikoani. TBC na Azam TV, tupeni nusu saa kwa wiki tuione.

Nne, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, tuwaite wazee. Mkanda bila majina ni watu wanaokimbia tu. Wekeni usiku mmoja pale Ilembula, ukutani shuka jeupe, projekta ya kukodi, kiingilio kidogo cha kununulia vifaa. Wazee wakae mbele na kipaza sauti, watutangazie: huyu namba 6 alikuwa dereva, yule kipa alikuwa mwalimu, hili bao mwamuzi alilikataa hadi leo hatusemeshani. Sauti zao zirekodiwe. Tukifanya hivyo tumepata vitu viwili kwa bei ya kimoja, picha na historia.

Tahadhari moja. Mikanda hii ina harusi za watu, misiba ya watu, na watoto wa watu. Aliyetoa mkanda kwa ajili ya mpira hakutoa ndoa yake ichekwe mitandaoni. Omba ruhusa, kata kipande cha mpira, mwenye harusi mrudishie harusi yake. Na mrudishie iliyohamishwa, awe na furaha naye.

Kwa watu wa nyumbani, kamweneee. Wikendi hii ligi ikienda mapumziko, usikae kubishana kijiweni. Panda juu ya kabati, shusha lile boksi, futa vumbi, soma maandishi. Ukikuta neno "mpira", geuza kaseti uangalie mgongoni, kuna kijino kidogo cha plastiki pembeni. Kivunje. Kikishavunjika deki inakataa kurekodi juu yake, labda mtu azibe hilo tundu kwa selotepu, na wewe utakuwepo kumkataza.

Kisha mpigie simu yule mzee wa kijiweni. Mwambie aje aonyeshe.